Kadi za Mvua za Kishanda

Mwaka jana tulimzika Ta Feliksi, mkuu wangu wa kwanza wa kazi, na pale msibani Bukoba nikafanyiwa kile ninachofanyiwa kila ninakokwenda. Mtu mmoja alinikodolea macho, akamnong'oneza mwenzake, kisha wakaja wote wawili kunisalimia, na kabla hata ya kunipa pole wakaniuliza kama mvua itanyesha kabla ya mazishi. Nimesoma hali ya hewa kwenye televisheni miaka mingi mno, nimestaafu, nywele zimekuwa nyeupe, na bado watu wanadhani mvua naitoa kwenye pochi yangu. Dar es Salaam mama mmoja alinisimamisha sokoni akanigombeza kwa sababu mihogo yake aliyoianika ililowa siku ambayo mimi nilikuwa nimesema jua. Hayo nimeyazoea. Nisichokizoea ni swali linalofuata: kazi hii uliianzaje? Nina jibu langu la siku zote. Nimelitoa redioni, mashuleni, hata kwenye sherehe yangu ya kustaafu: kwamba tangu utotoni nilipenda kutazama mawingu juu ya ziwa. Uongo mtupu. Utotoni nilipenda kulala. Pale msibani nilianza kulitoa tena, nikamwona mjane wa Ta Feliksi ananitazama, nikanyamaza katikati ya sentensi. Mtu pekee wa kazini aliyekuwa akijua habari yote tulikuwa tunakwenda kumfukia, kwa hiyo sasa naisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na atakayenichukia anichukie.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya miezi michache, nimepangiwa kituo cha hali ya hewa cha Bukoba kama mwangalizi msaidizi, na kichwa kilikuwa kimenivimba vibaya sana. Nilijua majina ya mawingu kwa Kiingereza na niliyataja hata kwa watu ambao hawakuniuliza. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, lakini mji ulikuwa haujakaa sawa. Kiwanda hiki hakina mlango, duka lile halina bati, na watu wazima walikuwa bado wanaangalia juu wakisikia ndege. Halafu, kabla watu hawajamaliza kuhesabu waliowapoteza vitani, ukaja ugonjwa. Nani alikuwa na ujasiri wa kuutaja kwa jina? Walisema silimu, kwa jinsi ulivyokondesha watu, walisema huu ugonjwa wetu, na wengi walisema tu kwamba fulani anaumwa. Neno hilo lilibadilika maana miaka ile. Malaria iliitwa malaria, tumbo liliitwa tumbo, lakini ukiambiwa mtu "anaumwa" na mwenye kusema akaishia hapo, ulijua. Hukuuliza anaumwa nini. Uliuliza watoto watakwenda kwa nani. Naomba msomaji wangu alishike neno hilo, kwa sababu mimi nililitumia.

Nilipanga chumba Bilele, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Ma Paskazia. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo maneno ya sebuleni yalipanda juu ya ukuta yakashuka kitandani kwangu kama yameagizwa. Sebule ilitandikwa nyasi, safi, zinanukia, na kila alasiri majirani walikuja kukaa pale wanatafuna punje za kahawa na kuorodhesha. Sina neno jingine. Waliorodhesha. Yule wa kwa fundi seremala ameshaletwa kutoka Mwanza, hawezi kusimama. Wale wa nyumba ya kona wamebaki watoto watupu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja ndiye anayepika. Binti wa fulani, mama wee, nimemwona kanisani, nywele zimekuwa laini kama za mtoto mchanga. Nilikuwa nalala pale nimevuta shuka hadi kidevuni, jua linawaka nje. Hakuna aliyejua vizuri ugonjwa unaambukizwa vipi. Waliokuwa wanajua walisema hivi, padri alisema vile, na mimi, msomi wa mawingu, niliamini yote kwa pamoja. Nilianza kutembea na kikombe changu na kijiko changu kwenye mkoba. Ma Paskazia alipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, akavifunika kwa majani ya mgomba mpaka vikalainika, akaniita mezani, na mimi nikachomoa kijiko changu mbele yake. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema kumbe amepangisha chumba kwa muuguzi. Lakini niliona uchungu usoni kwake. Niliuona, nikaendelea kula.

Kazini Ta Feliksi alinifundisha kazi kwa kuninyima sifa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba tangu kuzaliwa, jambo lililomletea maneno mengi miaka ile, na alikuwa na dini moja tu: daftari. Saa tatu kamili asubuhi unakwenda kwenye kipimamvua, unatoa chupa, unamimina maji kwenye glasi yenye mistari, unasoma kwa jicho lililo usawa wa maji, unaandika. Pasiponyesha unaandika sifuri. Usiposoma unaandika mstari, na mstari ni aibu. Alinionyesha madaftari ya mwaka wa vita, watumishi walipokimbia mji: mistari, mistari, kurasa kwa kurasa. Kisha akafungua kabati akatoa kadi za kituo cha kujitolea cha Kishanda, huko Muleba, akanitandikia mezani. Hakuna mstari hata mmoja. Majeshi yanapita, watu wanalala vichakani, na Kishanda kila asubuhi mtu amesoma mvua na kuandika kwa mwandiko uleule mdogo ulioinama. Juu ya kila kadi jina la msomaji: Kristofa. Ta Feliksi, ambaye hakuwahi kumsifu mkewe mbele za watu, alisema kama angepata akina Kristofa watano tu angejua mvua ya mkoa mzima bila kutoka kitini. Mwezi huohuo akanituma nikakague vituo vya Muleba. Nikapanda lori la kahawa, mbele kwa dereva, nimekumbatia faili kama mtu aliyebeba sakramenti.

Nililala Nshamba, alfajiri nikatembea hadi Kishanda, nikaonyeshwa kibanja cha Kristofa, nyumba ndani ya shamba lake la migomba. Kipimamvua kilikuwa mahali pake, kimezungushiwa uzio wa matete, nyasi zimekatwa. Ilikuwa saa tatu kasoro. Mwanamke wa makamo, kichwa kimenyolewa kwa msiba, alitoka nyumbani na glasi mkononi, akanisalimia kwa Kihaya bila kusimama, akapita, akapiga goti, akasoma. Nilisubiri amalize. Nikamwambia nimetoka ofisini Bukoba na ninamtafuta Ta Kristofa. Akasema Kristofa amezikwa wiki mbili zilizopita, na akanionyesha kwa kidevu kaburi pembeni, udongo bado mwekundu. Nikatoa pole. Nikauliza, kwa sauti yangu ya ofisini, tangu wakati huo nani anasoma. Huyo mama, Koleta jina lake, alinitazama kwa mshangao wa kweli. Kristofa alikuwa mchuuzi wa samaki, alisema. Alikuwa akiondoka kwenda visiwani, anakaa mwezi, anakaa miwili, na huko visiwani ndiko alikotoka na kile alichotoka nacho. Tangu ofisi ilete chombo kile, aliyesoma ni yeye. Wakati wa vita aliyesoma ni yeye. Aliandika jina la mumewe kwa sababu mtu wa ofisi aliyeleta chombo alijaza jina la mwenye nyumba, naye hakuambiwa kwamba angeweza kulibadilisha.

Akaniingiza ndani, akaniketisha, na ndipo akanieleza kilichokuwa kinamkosesha usingizi. Alikuwa na mabinti watatu, hana mtoto wa kiume. Shemeji yake, Ta Gaudensi, alikuwa ameshaanza kupita kwenye kibanja kupima migomba kwa macho. Ukoo ulikuwa unataka shamba lirudi. Tena kulikuwa na jambo la matanga. Kwetu, siku za matanga hakuna anayeshika jembe wala kazi yoyote ya shamba. Watu wanakaa na marehemu wao, basi. Lakini Koleta, mumewe yumo ndani hajazikwa, saa tatu ilipofika alitoka na glasi akaenda kusoma mvua. Akasoma na siku ya mazishi. Akasoma siku zote za matanga. Ta Gaudensi alisimama mbele za watu akauliza ni mwanamke gani huyu anayekwenda kupima maji mume wake hajapoa. Koleta aliwajibu kwamba ile haikuwa kazi ya shamba, na mvua ya siku moja ukiacha kuisoma hutaisoma tena. Walimwona ama mchawi ama mwenye wazimu. Kilichowazuia wasimtoe palepale kilikuwa chombo. Mwenyekiti wa kijiji aliwaambia pale pana mali ya serikali na mtu anayeihudumia, akifukuzwa yeye atakayejibu ni mwenyekiti, kwa hiyo wangoje. Sasa wakawa wanangoja.

"Binti," aliniambia, "mimi sikuombi kitu kikubwa. Andika jina langu kwenye kadi. Andika tu kwamba msomaji ni Koleta."

Nikamwambia nitaandika. Nilimaanisha, nadhani. Halafu akaleta chakula. Ebitoke, maharage, samaki mkavu, na kikombe cha chai ya maziwa. Akaniwekea mbele, akakaa chini kwenye nyasi anisindikize kula. Nikakitazama kile kikombe, nikawaza ni kikombe cha nani. Nikamwona yule mchuuzi wa samaki anakinywea, midomo imepasuka. Nikamtazama Koleta, nikaona amekonda, kana kwamba katika Kagera yote miaka ile palikuwa na mjane mnene. Nikasema nimeshiba. Akasema waitu, mwenzetu, umetembea kutoka Nshamba. Nikasema tumbo. Nikaona mikono yake inarudi mapajani polepole. Nikaaga, nikatembea haraka, na njiani nikanawa mikono kwenye kijito mara mbili. Pale Nshamba nilikaa kwenye mgahawa kungoja lori, nikachomoa kikombe changu mkobani. Wanaume wawili nyuma yangu walikuwa wanaongea Kihaya, hawakujua mimi ni nani. Mmoja alisema kile kidude cha mvua kikiondoka asubuhi, yule mwanamke anaondoka jioni. Mwenzake akasema tatizo ni kwamba bado anatembea, angekuwa anaumwa hakuna ambaye angemtetea. Nikasikia. Sina pa kujificha hapo: nilisikia, nikaelewa, nikanywa chai yangu.

Nimejiuliza maisha yangu yote nini kiliniingia. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mwoga, na nilikuwa na cheo kidogo, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja vinatosha. Ukaguzi ulikuwa wa kila miezi mitatu. Hiyo ilikuwa na maana kwamba kila miezi mitatu ningekwenda nyumba ile, ningeketishwa kwenye kiti kile, ningewekewa kikombe kile. Nikafika ofisini nikaandika ripoti safi kabisa, yenye mistari iliyopigwa kwa rula. Kishanda: msomaji amefariki. Nikapendekeza kipimamvua kihamishiwe kwa mwalimu mmoja anayekaa karibu na barabara. Ta Feliksi aliisoma, akachukua kadi ya Kishanda, akaniuliza. Wiki mbili baada ya kifo kadi imejaa, nani amesoma? Nikasema mke wake. Akasema basi kwa nini tumhamishie mwalimu, si tumwachie huyo mke? Dirisha lilikuwa wazi, ziwa limetulia, na nilikuwa na muda wote wa kusema kweli.

"Na yeye anaumwa," nikasema.

Ta Feliksi aliweka kalamu chini. Hakuuliza anaumwa nini. Hakuna aliyeuliza siku zile. Alisema maskini, akachukua karatasi, akaandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, barua ya heshima, kwamba kwa kuwa msomaji amefariki na mjane wake anaumwa, ofisi inaomba kuhamisha chombo chake, na inaishukuru familia kwa utumishi. Akagonga muhuri. Nikaipeleka posta mwenyewe, na nakumbuka niliporudi nilikula vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kadi za mwalimu zilianza kuja. Mwandiko mzuri wa ubaoni, wino wa buluu, hakuna mstari. Mwezi wa tatu tangu zianze kuja, Ta Feliksi aliniita akaniwekea kadi mbili mezani, ya mwezi ule na ya uliotangulia. Mvua zilikuwa zilezile. Namba zilezile, zimesogezwa siku moja mbele. Mwalimu alikuwa anapika, na alikuwa hata hajisumbui kubadilisha mboga. Ta Feliksi hakukasirika. Alichoka tu, akakaa amejishika kichwa. Akasema nenda Kishanda, ukamtazame yule mama. Kama Mungu amempa nafuu, mrudishie chombo chake, na jina lake liandikwe. Nikasema ndiyo, bwana. Ningemwambia nini kingine?

Nyumbani kwa Koleta nilimkuta Ta Gaudensi amekaa barazani, amevaa koti. Mlango ulikuwa umepakwa rangi. Alinipokea vizuri kuliko nilivyopokewa mahali popote mwaka ule, akaagiza niletewe kiti. Nilipouliza yuko wapi mama wa nyumba, alitabasamu kama mtu anayemshukuru mfadhili. Alisema ukoo ulikaa, na kulikuwa na ubishi mkubwa, maana wapo waliomtetea, walisema ni mzima na ana nguvu, aachwe alee mabinti zake. Ndipo mwenyekiti akasoma barua.

"Ofisi yenu ndiyo iliyotusaidia," alisema. "Serikali yenyewe imesema anaumwa. Sasa sisi tungebishana na serikali?"

Nikamwambia barua ile ilikosea. Nikamwambia nitaleta nyingine. Akasema niilete, hana neno, lakini kibanja kimekwishagawanywa, na mabinti wamekwishachukuliwa, mmoja kwa shangazi Kamachumu, wawili sehemu nyingine ambazo hakuzikumbuka vizuri. Koleta alikuwa amerudi kwa kaka yake Nshamba.

Nilimkuta nyuma ya duka la huyo kaka yake, anamenya ndizi. Alikuwa peke yake. Wateja walikuwa hawakubali vitu vilivyopita mikononi mwake, kwa hiyo alikatazwa kuingia mbele, na chakula alichomenya kilikuwa chake mwenyewe. Nguo yake ilikuwa safi, nywele zimeanza kuota, mikono imejaa nguvu. Alikuwa mzima kama ng'ombe. Hakusimama aliponiona.

"Ulijuaje kwamba naumwa?" aliuliza.

Nikasema sikujua.

"Nani alikwambia?"

Nikasema hakuna aliyeniambia, nilisema mwenyewe, niliogopa. Nikaanza kulia. Akaningoja nimalize, bila kunikemea na bila kunibembeleza, akiendelea kumenya. Kisha akaniuliza jambo moja, kama mabinti zake nimewaona. Nikasema hapana. Akasema basi, na hakusema nami tena siku ile. Nilirudi Bukoba nikamweleza Ta Feliksi yote, nikiwa nimesimama. Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kunikamata bila kujichafua. Aliandika barua ya pili papo hapo, akaibeba mwenyewe hadi Kishanda kwa baiskeli na kwa miguu, akairudisha haijafunguliwa, hakuna aliyekubali kuipokea. Hakunifukuza. Alisema akinifukuza mimi nitakwenda kuandika uongo mahali pengine, afadhali nibaki mahali anaponiona. Sijawahi kujua kama hiyo ilikuwa huruma.

Nikabaki. Nikawa mwangalizi hodari kupita kiasi, nikapelekwa masomoni, nikahamishiwa Dar es Salaam, televisheni ilipoingia wakatafuta mtu mwenye sauti na uso usiotisha, wakanipata mimi. Watu walisifu jinsi nilivyokuwa makini na maneno. Nilikuwa nikiongea na mamilioni, natabasamu, naonyesha ramani, na kila mkono wangu ulipofika kwenye kona ile ya kushoto juu, yaani Kagera, niliuondoa upesi. Mabinti wawili kati ya watatu sikuwapata kamwe, ingawa nilitafuta. Wa Kamachumu nilimpata akiwa mama wa watoto wanne, akasikiliza, akafunga mlango.

Baada ya mazishi ya Ta Feliksi sikurudi Dar es Salaam moja kwa moja. Nilikwenda Nshamba. Ma Koleta yupo. Hakuumwa kamwe, si mwaka ule wala uliofuata. Wanaume wote waliokaa kwenye kikao kile cha ukoo wameshazikwa, Ta Gaudensi wa kwanza, na Ma Koleta ana karibu miaka themanini na anatembea bila fimbo. Anakaa chumba kilekile nyuma ya duka, ambalo sasa ni la mtoto wa kaka yake. Yule kijana wa dukani alinitambua mara moja, akafurahi, akaita watu, akasema shangazi njoo uone nani amekuja, yule wa kwenye televisheni. Ma Koleta alitoka, akanitazama, akaniketisha. Miaka yote nilikuwa nimeandaa maneno, na yote yakanipotea. Kwa upumbavu wangu, kwa kuwa ndani palikuwa na televisheni ukutani, nikamuuliza kama alikuwa akiniona.

"Nilikuwa nakuona," alisema. "Kila siku, baada ya taarifa ya habari. Ukitokea wewe, nilikuwa nazima."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeelekeza njia. Yule mpwa wake alicheka, akidhani ni utani wa wazee, akamuuliza sasa shangazi, habari za mvua ulikuwa unazipata wapi.

"Nilikuwa natoka nje," alisema Ma Koleta, "naangalia mwenyewe."